Tuni Isiyo na Mama

Hofu ya Miza ilipata umbo siku Faki alipogeuziwa mgongo. Kabla ya hapo aliogopa mambo ambayo kila mtu huyaogopa, maradhi na moto na kukatikiwa na uzi wa ala mbele ya hadhara, na hofu hizo zilikuja na kuondoka kama wageni wanaojua wakati wa kuaga. Hii haikuaga. Ilikula naye, ikalala naye, tena ikachagua upande wa ukutani.

Faki alikuwa mwalimu wake. Ndiye aliyemfundisha kuilaza ganuni mapajani, lile sanduku bapa lenye nyuzi nyingi kuliko uvumilivu wa mwanafunzi, na kuzidonoa kwa vidole vilivyovishwa kucha za pembe. Na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia mbiu ya Mwenye Mji. Mbiu ilisema kwamba mji umechoka kusikia yale yale, kwamba nyimbo zote sasa ni wajukuu wa nyimbo, na kwamba kila anayejiita mtunzi ataitwa kwa zamu katika Ukumbi wa Masikio alete tuni isiyo na mama: tuni ambayo hakuna aliye hai atakayeweza kusema imezaliwa na sauti gani. Atakayeileta ataketi kuliani kwa Mwenye Mji. Atakayeleta yenye mama atageuziwa mgongo.

Faki aliingia ukumbini akitabasamu. Wasikilizaji, waamuzi wa ukumbi ule, walikuwa wamekaa safu moja, mikono magotini, vichwa vimeinama upande mmoja kama kuku anayeusikiliza mvumo wa mwewe. Hakufika mbali. Msikilizaji mmoja alisimama akasema taratibu, bila hasira, kwamba mama wa tuni hii ni mlio wa kapi la kisima cha mtaa wa Juu, pale kamba inapokwenda na ndoo tupu. Na kila aliyekuwapo akajua kuwa ni kweli. Hata Faki mwenyewe alijua, Miza aliuona uso wake ukijua. Basi Wasikilizaji wakainuka wakampa mgongo, na watu wote ukumbini wakageuka pia, kwa kuwa asiyegeuka hugeukiwa. Miza akageuka na wengine.

Tangu hapo hakuna aliyemsikia tena Faki. Hakukatwa ulimi, hakuguswa hata kwa kidole. Alikuwa akisema na maneno hayafiki. Alibisha hodi na mlango haukulia. Siku moja sokoni alimshika Miza mabega yote mawili, akamweleza jambo kwa kirefu, mate yakimrukia usoni, mishipa ya shingo imemtoka, na Miza akasikia kuku tu na watu wanaopigania bei ya vitunguu. Hapo ndipo alipofahamu lililompata. Sauti ya mtu haikai kooni mwake. Inakaa katika masikio ya wenzake, nao wakiamua kuitoa huko, hana pa kuirudisha.

Halafu tarishi akaja mlangoni kwa Miza. Alikuwa mpole, alikunywa maji aliyopewa, akashukuru. Alisema Mwenye Mji anakusalimu, na zamu sasa ni yako. Siku utaijua ukiitwa.

Nyumbani walikuwa wawili, Miza na mdogo wake Mwaka, tangu mama yao alipofariki. Mwaka alikuwa msusi. Wanawake walikuja kukaa chini barazani kati ya magoti yake, naye akawagawa nywele kwa kitana, njia kwa njia, huku akiwasikiliza mambo yao. Usiku ule hakusuka kitu, alisuka vidole vyake mwenyewe. Akamshauri dada yake aseme anaumwa. Aseme vidole vimekakamaa. Aseme chochote. Miza akajibu kuwa hata Faki angeweza kusema hivyo. Wakazungumza habari ya kukimbia, lakini mji ule haukuwa na nje. Ukitoka kwa lango la mashariki ukatembea mpaka viatu vikalegea, hujikuta unaingia kwa lango la magharibi, na bawabu anakuuliza umetokea wapi.

Lakini pana neno ambalo Miza hakumwambia mdogo wake. Ndani ya hofu ile mlikuwa na uchu. Tangu utotoni, kila alipotunga wimbo na watu wakausifu, alihisi kama mtu anayesifiwa kwa nguo ya kuazima. Alitaka mara moja tu atoe kitu ambacho hakikupita kwa mtu yeyote kabla yake. Hofu na uchu vilikaa kwenye kigoda kimoja, vikibanana, na yeye hakuweza kukitambua kimoja bila kingine.

Alijifungia chumba cha uani akaanza.

Siku za chumba kile hazikuwa na mchana wala alasiri. Jua lilisimama ukutani mahali pamoja, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya, kisha likawa halipo. Tuni zilikuja zenyewe, nyingi, na kila iliyokuja alikuwa akiijua. Ilikuja moja nzuri, ya mteremko, akaifuata kwa furaha mpaka katikati akasikia ungo ndani yake: mama yao akipeta mchele, pumba zikiruka, mchele ukirudi. Akaacha. Ikaja nyingine, ndani yake mna muuza mkaa akiita. Ikaja ya tatu, akaisikiliza kwa makini sana, akatambua namna baba yake alivyokuwa akikohoa kabla ya kuuliza swali gumu.

Ya nani hii? Yangu. Yako, umeitoa wapi? Nimeitoa ndani. Ndani ya nani? Ndani yangu. Na wewe umetolewa wapi? Nyamaza. Umetolewa wapi, Miza? Nimesema nyamaza. Kidole kimefundishwa na Faki, sikio limefundishwa na mama, pumzi umeikuta hewani, mwenzio kamaliza kuivuta. Kipi chako? Hofu. Hofu ni yangu. Hata hiyo umeipata sokoni.

Ndipo alipobuni njia. Kwa kuwa hakuweza kupata tuni isiyo na mtu ndani, angechukua moja awatoe watu waliomo, mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mawe kwenye kunde. Akaichukua ile ya mteremko. Akatafuta hasa pale ungo unapopeta, akaung'oa mdonoo ule, akaweka kimya mahali pake. Kitu kikamponyoka kifuani, kidogo, kama kifungo kinachokatika. Hakukijali.

Alipotoka kula, Mwaka alikuwa akipeta mchele, akasema kwa mzaha kwamba hata afanyeje, hajawahi kupeta kama mama. Miza akamwuliza mama alikuwa akipetaje. Mwaka akacheka. Kisha akaona dada yake hatanii, anasubiri jibu, na kicheko kikamfia mdomoni.

Miza aliporudi ndani alielewa bei ya kazi ile. Alijua vema kabisa. Akakaa na ganuni mapajani, akamwona moyoni Faki akifumbua na kufumba mdomo katikati ya soko. Akaendelea. Akang'oa kikohozi cha baba, na baba akabaki jina bila uso. Akang'oa wito wa muuza mkaa. Akang'oa mvua ya kwanza juu ya bati, na nyimbo za Kwaresima za jirani, na adhana ya muadhini mwenye kigugumizi ambaye mtaa mzima ulimpenda. Kila alipotoa, tuni ilizidi kuwa nyepesi, na yeye vilevile. Ilifika mahali akawa halii tena, kwa kuwa kilio nacho kilikuwa na mwenyewe, akakiondoa.

Siku tuni ilipokamilika aliisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho. Haikufanana na kitu. Ilikuwa safi kama mfupa. Hakuna aliyemo. Miza alihisi baridi ya mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta hamna hata alama za miguu ya viti sakafuni.

Akatoka nayo barazani. Mwaka alikuwa akimsuka Bi Rukia wa nyumba ya pili, kichwa kimefika nusu. Miza alisema anataka wamsikilize. Akaketi, akaidonoa.

Mikono ya Mwaka ilipunguza mwendo, ikasimama. Kitana kikaanguka. Aliitazama mikono yake kama mtu anayeokota glavu njiani na kutafuta mwenyewe. Bi Rukia aligeuza shingo, nusu ya nywele zimesimama, akauliza hapa ni kwa nani na yeye anafanya nini chini. Akainuka akaenda, akipita mlango wake mwenyewe bila kuingia. Miza alisukuma ganuni kando, akaita, "Mwaka. Mwaka, ni mimi."

Mwaka alimtazama kwa adabu, akajivuta kumpisha nafasi mkekani.

"Karibu, mgeni," alisema. "Unamtafuta nani?"

Bi Rukia alirudiwa na akili siku iliyofuata, akaona aibu, akaja kumaliziwa nywele. Mwaka naye aliikumbuka kazi yake, na mahali pa chumvi, na njia ya kisimani. Lakini dada hakumrudia akilini. Alimwekea Miza chakula, akamtandikia kitanda, akamfulia nguo, yote kwa ukarimu mkubwa, kama anavyofanyiwa mgeni ambaye kumuuliza ataondoka lini ni utovu wa heshima. Miza alikaa ndani ya ukarimu ule akaogopa kuliko alivyowahi kumwogopa Mwenye Mji.

Kisha akaitwa.

Mwenye Mji alimpokea faragha kwanza, katika chumba cha nyuma ya ukumbi. Miza hakuweza kushika umri wake. Alipoinama kumimina kahawa alikuwa mzee mwenye mikono ya madoa. Alipoinua uso alikuwa kijana, na ndevu zake zilikuwa hazijakomaa. Sauti ilikuwa moja.

"Nimeambiwa nduguyo hakujui tena," alisema.

Miza akasema ni kweli.

"Basi umeiweza."

Kwa ujasiri wa mtu aliyebakiwa na kidogo, Miza akamwuliza anaitakia nini tuni kama ile. Mwenye Mji hakukasirika. Alifikiri kabla ya kujibu, kama mtu anayetaka kueleweka.

"Nimekaa katika kiti hiki sikumbuki tangu lini," alisema. "Kila nikitoa amri, pana mtu ananong'ona kwamba zamani haikuwa hivi. Nimejiuliza anaijuaje zamani. Hawana maandishi, hawana mnara. Wana nyimbo za mama zao basi. Mtu anatwanga, anaimba, na ndani ya wimbo mna mji mwingine ambao mimi simo. Leo wataisikia yako. Kesho itakuwa siku ya kwanza, na mimi nitakuwa nimekuwapo siku zote."

Akafungua kikopo cha shaba. Akatoa pamba, akaisokota, akajaza sikio la kulia, halafu la kushoto, kwa uangalifu. Alipotoka, Miza aliona Wasikilizaji wote safuni wanafanya vivyo hivyo.

Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Miza aliwaona watu wa mtaa wake, akamwona Bi Rukia, na mbele kabisa akamwona Mwaka, aliyekuja kwa kuwa kila mtu alikuja, na kwa kuwa alitaka kumwona mgeni wake akifanya kazi. Mwenye Mji aliinua kidole.

Miza akaanza. Alitaka kuishi, sitamsemea zaidi ya hapo. Midonoo ya mwanzo ikatoka, safi, na nyuso za mbele zikaanza kufutika kama ubao unaopanguswa. Mwanamke mmoja alikuwa amepakata mtoto mchanga. Miza aliona mikono yake inalegea, inalegea, akimtazama yule mtoto kama mzigo ambao mtu amemwachia amshikie na hajarudi. Mtoto akateleza hadi magotini. Hakulia; naye alikuwa anasikiliza.

Vidole vya Miza vikasimama.

Mwanamke alishtuka akamvuta mwanawe kifuani. Watu wakapepesa macho. Safu ya Wasikilizaji haikutikisika, kwa kuwa kwao kimya na tuni vilikuwa kitu kimoja. Walimwona mpiga ganuni mikono yake iko juu ya nyuzi, wakadhani mambo yanakwenda. Miza alitafuta ndani yake kitu kingine cha kupiga, chochote, hata wimbo wa kuruka kamba. Hamkuwa na kitu. Alikuwa amefagia mwenyewe.

"Sina nyingine," aliwaambia watu, kwa sauti ya kawaida. "Nilizokuwa nazo nimezitoa zote. Aliye nayo moja anikopeshe."

Kila mmoja pale alikuwa nazo kifua tele, na kila mmoja alijua kwamba anayetoa wimbo wenye mama katika ukumbi ule atakuwa ameinyoosha shingo yake. Walitazama sakafu. Walitazama kucha zao.

Mwaka akasimama. Miza alitikisa kichwa kumkataza, lakini Mwaka hakumjua kiasi cha kumtii. Aliona mgeni wake ameaibika mbele za watu, hana kitu mkononi, na katika malezi yake hilo lilikuwa jambo lisilovumilika.

"Mimi ninayo," alisema. "Ni ya kuwatuliza watoto wasitikise kichwa nikiwasuka. Si wimbo wa maana."

Akaimba, kwa sauti ndogo ya mtu asiyezoea kutazamwa:

*Tulia nikusuke, njia ni nyembamba;
ukijitikisa, nitapotea mimi.*

Pengine Miza alikuwa ameusikia wimbo ule kila siku ya maisha yake, asubuhi na jioni, ukipita dirishani pamoja na harufu ya mafuta ya nazi. Pengine ulikuwa wa mama yao, na kabla yake wa mama wa mama. Hakuwa na njia ya kujua. Ulimwingia kama ulivyomwingia mtu wa kwanza aliyewahi kusikia sauti ya binadamu ikigeuka kuwa wimbo, na akaogopa, kwa kuwa uzuri wa namna ile haukuwa na ngazi ya kuupandia wala pa kuushika. Hakuna alichowahi kutunga kilichokuwa kipya kama kile kilichochakaa. Vidole vyake vikaufuata kwa kubabaika. Vikakosea mahali, na kwenye kosa akasikia mlango, akapita. Akauzungusha, akaushusha, akaupandisha kwa njia ambayo Mwaka hakuijua, na Mwaka akaifuata. Kwa kitambo Miza alikuwa mtoto aliyekaa chini kati ya magoti ya mtu, kichwa kinamuuma kwa raha, vidole vikimpita kisogoni. Na alikuwa pia mwenye vidole. Na alikuwa pia mtu wa mbali, mzee sana, aliyelala kitandani, anayesikiliza watu asiowajua wakiimba kitu alichokikosea zamani.

Midomo ikaanza kucheza ukumbini. Mmoja mmoja, bila sauti, halafu kwa sauti kidogo. Mwenye Mji aliona midomo. Watu wanaosahau hawachezeshi midomo. Akanyofoa pamba.

Alisikiliza hadi mwisho. Na iandikwe hivyo, kwa haki yake. Kisha akawaashiria Wasikilizaji nao wakanyofoa, pamba zikiwa tayari vidoleni kurudishwa, naye akamwambia Miza, kwa upole ule ule, aipige ile nyingine.

Miza alijaribu. Ni vizuri isemwe kuwa alijaribu kwa moyo wote, maana hofu ilikuwa imemrudia yote, na hakuwa shujaa. Alizitafuta zile nafasi tupu alizozichimba kwa uchungu, akakuta hazimo. Kila penye shimo palikuwa na msuko wa nywele. Kidole kilishuka kutafuta ukimya, kikarudi na *njia ni nyembamba*. Akaanza tena, kikarudi nayo. Mwenye Mji alimtazama akihangaika, na Miza akaona usoni mwake, mara hii bila umri wowote, kitu alichokitambua haraka kwa kuwa alikuwa amekaa nacho muda mrefu. Mwenye Mji alikuwa anaogopa.

"Nani anamjua mama wa tuni hii?" aliuliza.

Msikilizaji mmoja alisimama. Akasema mama yake ni mkono wa msusi. Akamwonyesha Mwaka.

Safu ikageuka. Nguo zikachakarisha ukumbi mzima, watu wakigeuka, wengine upesi, wengine polepole, na wa mwisho kabisa yule mwanamke mwenye mtoto. Miza aliona migongo tu, migongo ya watu aliokua nao. Aliwaita wachache kwa majina, na sauti yake ilitoka ikaanguka karibu na miguu yake.

Walitoka nje wawili, katika jua. Mtaa uliwapisha bila kuwaona. Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake na hakuna aliyesikia mtu akipita. Mwaka alikuwa ametangulia hatua kadhaa, ameshika kitana chake, anatembea kama mtu aliyetoka kilioni, na Miza alitaka kumwita akashindwa. Asipoitika, basi hata waliozimwa hawasikiani, na kila mmoja wao atakuwa ndani ya kisima chake. Alivuka uwanja wote na jina hilo mdomoni.

Hatimaye akaliacha litoke.

"Mwaka."

"Abee, dada," Mwaka akaitika, akasimama kumngoja.

Katika mji ule dada ni neno la kila mwanamke. Hata muuza ndizi huitwa dada, hata mpita njia. Miza hakuuliza ni lipi lililokusudiwa. Aliongeza mwendo, akamfikia.